Kuchagua vipuri vya pedali za gitaa zinazotikisa sauti: tremolo, feiza na korasi

Aliyeunda pedali ya distoshini kwa mkono wake huwa amezoea kusamehewa. Ukiweka kapasita ya 22nF mahali palipotakiwa 47nF, sauti inakuwa nyembamba kidogo na maisha yanaendelea, na pengine mtu ataisifu. Tremolo (inayopandisha na kushusha nguvu ya sauti), feiza (inayotembeza mashimo ndani ya sauti) na korasi (inayochanganya sauti na nakala yake iliyocheleweshwa) hazina huruma hiyo. Kipuri kimoja kikikosewa, gitaa linatoka kama lilivyoingia, hakuna kinachozunguka wala kupumua, na wewe unabaki ukikagua lehemu ambazo hazina kosa lolote.

Sababu yake ni kwamba ndani ya boksi moja kuna sakiti mbili. Ya kwanza ni njia ya sauti, ambayo haina tofauti kubwa na ile uliyokwisha kuiunda. Ya pili haisikiki. Ni osileta ya masafa ya chini, mafundi huiita LFO, inayopanda na kushuka polepole kati ya 0.1 Hz na 10 Hz hivi. Katikati yake kuna kipuri kinachopokea amri ya LFO na kuigeuzia sauti. Hapa nitakiita kiungo. Fedha yako na muda wako viende kwenye kiungo na kwenye LFO; njia ya sauti ijengwe kwa vitu vya kawaida kabisa.

Nimechukulia kwamba unajua kulehemu, unasoma mchoro wa sakiti na una multimita. Osiloskopu ukiwa nayo ni vizuri, usipokuwa nayo si kizuizi.

Hatua ya 1: Chagua kiungo kabla ya mchoro

Wengi huanza na mchoro walioupenda, wakaenda dukani na orodha, wakakuta nusu ya vitu havipo. Geuza utaratibu: uliza kwanza ni kiungo gani unaweza kukipata kikiwa halisi, ndipo utafute mchoro unaokitumia. Vinavyofaa kuzingatiwa ni vinne.

LED na LDR zilizofungwa pamoja gizani. LED hung'aa na kufifia kwa amri ya LFO, na LDR hubadilisha ukinzani wake kufuata mwanga. Njia hii ni ya zamani: amplifaya nyingi za Fender za miaka ya 1960 zilitumia balbu ya neoni na LDR kutoa tremolo, na pedali ya Uni-Vibe aliyoibuni Fumio Mieda huko Japani mwishoni mwa miaka hiyo ilikuwa na balbu moja iliyozungukwa na LDR nne.

JFET, yaani transista ambayo kwa ishara ndogo hufanya kazi kama rezista inayoongozwa na volti. Feiza ya MXR Phase 90 ya mwaka 1974 ina nne za kazi hiyo.

OTA, ambayo kwa fundi wa leo maana yake ni LM13700. IC hii (chipu) ina ampu mbili ndani, yaani vikuza ishara viwili, na nguvu ya kila moja hufuata mkondo unaoilisha.

BBD, IC inayochelewesha sauti kwa kuhamisha chaji kutoka kapasita moja hadi nyingine, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Ilibuniwa Philips mwaka 1969, na ndiyo roho ya korasi tangu Boss walipotoa pedali ya CE-1 mwaka 1976.

Kwenye maduka ya vipuri ya Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, LED na LDR ni vitu rahisi kupata, hasa kwa wanaouza bodi za Arduino kwa wanafunzi. JFET nzuri na BBD mara nyingi zitabidi ziagizwe nje. Kwa hiyo, kama hujawahi kuunda pedali ya aina hii, anza na tremolo ya LED na LDR. Feiza ifuate. Korasi iwe ya mwisho, hata kama ndiyo unayoitamani kwa ajili ya solo la rumba.

Hatua ya 2: Tengeneza jozi yako ya LED na LDR

Jozi zilizofungwa kiwandani zipo, kama VTL5C3 na NSL-32, lakini bei yake hainishawishi. Ya kujitengenezea inafanya kazi ileile ikiwa umechagua LED kwa makini.

Kwa LDR chukua GL5528 au GL5516. Gizani hizi hupanda hadi mamia ya kiloomu au megaomu nzima, na LED ikiwa imeegeshwa usoni pake hushuka hadi kiloomu moja au mbili, pengine chini ya hapo. Nunua kadhaa, kwa sababu mbili za mfuko mmoja hazilingani. Ndani yake mna kadimiamu, basi usizikate wala kuzichoma moto.

Kosa la wengi liko kwenye LED. Wanachukua nyeupe au bluu yenye mwanga mkali, wakidhani mwanga mwingi ndio bora. LED nyeupe haiwaki mpaka ipate karibu volti 3, nyekundu inatosheka na 1.8 hivi. LFO inayotumia betri ya volti 9 haina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Ukiipa LED inayodai volti 3, sehemu nzuri ya kila mzunguko LED itakaa imezima, na tremolo itakatakata badala ya kupumua. LDR za familia ya GL55 huona vizuri zaidi mwanga wa kijani, karibu nanomita 540, kwa hiyo LED ya kijani ya aina ya zamani, ile inayowaka kwa volti 2 na kidogo, ndiyo chaguo langu la kwanza. Nyekundu angavu ni la pili. Iwe ya milimita 5 na kioo chake kisiwe na ukungu.

Zielekeze uso kwa uso, zikigusana, kisha zivalishe mpira mweusi unaojikaza kwa joto. Ncha mbili zinapotokea miguu zizibwe kwa silikoni nyeusi au zifungwe tepu ya umeme mara kadhaa. Sasa pima. Weka multimita kwenye miguu ya LDR, kipimo cha megaomu 2. LED ikiwa imezima, subiri sekunde chache. Usomaji uwe juu ya 500k. Washa LED kwa betri ya volti 9 kupitia rezista ya 1k, ukinzani ushuke chini ya 2k. Kisha izime na uitoe jozi juani. Usomaji ukishuka juani, mwanga unapenya, na siku ya shoo taa za jukwaani zitaicheza pedali yako badala ya LFO.

LDR ni nyepesi kuamka na nzito kulala: mwanga ukizima inachukua milisekunde makumi kadhaa kurudi juu. Kwa mwendo wa 5 Hz hutalitambua hilo, na ndilo linaloipa tremolo ya mwanga ule mviringo ambao wapigaji wanaupenda. Ukitaka tremolo ya kukata kama kisu, acha LDR, tumia JFET kama swichi.

Hatua ya 3: LFO, na kapasita inayoamua kila kitu

Mchoro utakaokutana nao mara nyingi una opampu (vikuza ishara vya ndani ya IC) mbili. Moja hukusanya chaji na kutoa wimbi la pembetatu, nyingine hugeuka ghafla juu na chini na kutoa wimbi la mraba. Mwendo wake unahesabika hivi:

f = R2 / (4 × R1 × Rt × C)

R1 hutoka kwenye wimbi la pembetatu kwenda kwenye opampu inayogeuka, R2 hurudisha wimbi la mraba kwenye mguu huohuo, Rt ni ukinzani wa volyumu (potenshometa) ya kasi, na C ni kapasita ya kukusanya. Chukua R1 ya 100k, R2 ya 220k, C ya 1µF, na Rt iwe rezista ya 47k ikifuatwa na volyumu ya 1M. Utapata kutoka karibu 0.5 Hz hadi karibu 12 Hz, mwendo unaofaa tremolo. Feiza inataka uvivu zaidi: weka 2.2µF, nawe utashuka hadi 0.24 Hz.

Usiweke kapasita ya elektrolitiki, ile yenye upande wa chanya na wa hasi, kwenye C. Hilo nalisisitiza kwa sababu michoro mingine inairuhusu, na dukani 1µF ya elektrolitiki ndiyo utakayopewa usiposema kitu. Sababu ni mbili. Wimbi la pembetatu hupanda juu ya nusu ya umeme na kushuka chini yake, kwa hiyo volti ya kapasita hugeuka upande kila mzunguko, na elektrolitiki ya kawaida haipendi kugeuziwa. La pili ni uvujaji. Volyumu ikiwa kwenye 1M, mkondo unaoijaza kapasita ni mikroampea 3 hivi. Elektrolitiki iliyokaa dukani miaka inaweza kuvujisha kiasi kinachokaribia hicho, na matokeo yake ni wimbi linalolemea upande mmoja au LFO inayosimama kabisa ukiishusha kasi. Tumia kapasita ya filamu ya poliesta, ile ya kijisanduku, yenye maandishi 105 kwa 1µF au 225 kwa 2.2µF. Ni kubwa kidogo, basi pima nafasi kwenye bodi mapema. Bodi za televisheni mbovu zinazo nyingi, na za filamu zikitolewa kwa uangalifu bado ni nzima. Elektrolitiki za bodi hizohizo ziache zilipo.

Opampu ya LFO: TL062. Haina sifa kwenye njia ya sauti, lakini inakula takriban mikroampea 200 kwa kila ampu, wakati TL072 inakula miliampea 1.4. Ulaji mdogo huo una faida utakayoiona kwenye hatua ya mwisho. LM358 pia inaweza kazi hii. NE555 ya kawaida iepuke, kwa sababu kila inapogeuka huvuta mkondo mwingi kwa ghafla, na mvuto huo utausikia kwenye spika.

Volyumu ya kasi ina kero yake. Ukitumia ya mstari, yenye alama B, mwendo wote wa haraka unajibana kwenye robo ya mwisho ya mzunguko na huwezi kuulenga. Inayofaa ni ya logi iliyogeuzwa, yenye alama C, ambayo dukani huipati kirahisi. Nunua yenye alama A, uilehemu miguu ya pembeni kinyume. Kasi itaongezeka ukizungusha kushoto. Utaizoea ndani ya wimbo mmoja.

Hatua ya 4: Njia ya sauti

Hapa sina mengi. TL072 inatosha. Kuna watu watakaokuambia ununue opampu ya bei mara kumi. Fedha hiyo nunulia soketi za IC na jeki imara. LM358 usiiweke hapa, ina mkwaruzo unaosikika noti inapofifia. Mlango wa gitaa uwe na rezista ya 1M kwenda kwenye volti ya katikati, na volti hiyo ya katikati, 4.5V, itengenezwe kwa rezista mbili za 10k na elektrolitiki ya 47µF.

Kwa tremolo, pitisha sauti kwenye rezista ya 22k, kisha LDR iishushe ardhini kupitia kapasita ya 10µF. LDR ikiwa 2k, sauti inabaki karibu sehemu moja ya kumi na mbili, kina kinachotosha mtu yeyote mwenye akili timamu. Baada ya hapo weka ampu inayokuza mara 2, kwa sababu sauti inayopanda na kushuka masikioni huonekana imepungua hata kama kilele chake ni kilekile.

Hatua ya 5: Feiza na kazi ya kupanga JFET

Kila hatua ya feiza, yaani kipande kimoja cha sakiti kinachojirudia, inageuza fezi ya sauti (mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake) kwenye masafa yanayopatikana kwa 1 / (2π × R × C), R ikiwa ni ukinzani wa kiungo. Hatua nne zikiungwa na sauti asilia unapata mashimo mawili kwenye sauti, na LFO inayatembeza. Kwa 47nF, JFET ikiwa imefungwa kabisa na pembeni yake pana rezista ya 24k, unaanzia karibu 140 Hz. JFET ikishuka hadi 1k unafika karibu 3.4 kHz. Ukitumia LDR badala ya JFET ukinzani ni mkubwa zaidi, kwa hiyo kapasita ishuke hadi 10nF hivi.

Watu hupoteza jioni nzima wakipima kapasita ili zote nne zilingane. Haina haja. Uni-Vibe ilitumia 15nF, 220nF, 470pF na 4.7nF, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kinachotakiwa ni aina: filamu yenye maandishi 473, si seramiki ya X7R, ambayo uwezo wake hubadilika kufuata volti na ikigongwa inalia kama maikrofoni.

JFET ndizo zinazotakiwa kulingana, kwa sababu nne zote zinapokea volti moja ya amri. Volti inayoifunga 2N5457 inaweza kuwa popote kati ya 0.5 na 6 kufuatana na datashiti yake. Ukizichukua nne bila kupima, moja itakuwa wazi, nyingine imefungwa, na feiza itabaki kimya. Zipime hivi: dreni kwenye chanya ya betri ya volti 9, geti kwenye hasi, sosi kwenye hasi kupitia rezista ya 10k. Soma volti iliyo juu ya rezista hiyo. Usiishike JFET kwa vidole wakati unasoma, joto la mkono linahamisha namba. Andika kila usomaji kwenye kijikaratasi ulichoibandikia, kisha tafuta nne ambazo hazitofautiani zaidi ya volti 0.05. Nunua kumi na tano au ishirini ili upate nne. Zitakazobaki zitaishia kwenye pedali nyingine.

Viwanda vikubwa vimeacha kutengeneza nyingi ya JFET hizi zenye miguu mirefu, na soko limejaa feki zilizoandikwa upya. 2N5952 halisi inafunga kati ya volti 1.3 na 3.5. Mfuko mzima ukisoma nje ya hapo, au usomaji ukiwa sifuri, umepigwa. Toleo la SMD (dogo, la kulehemiwa juu ya uso wa bodi) la baadhi ya JFET bado linatoka viwandani, kama MMBFJ201, na kwa kibodi kidogo cha kugeuzia miguu linaingia kwenye soketi yoyote. Angalia tu kwamba J201 inafunga mapema, chini ya volti 1.5, kwa hiyo inakwaruza haraka ukipiga kwa nguvu.

Usipotaka upimaji huu, tafuta mchoro wa LM13700. Hazihitaji kulinganishwa, bado zinatengenezwa, na mbili zinatosha hatua nne. Sharti lake ni kuishusha ishara hadi milivolti makumi kadhaa kabla haijaingia, la sivyo inakwaruza. Mchoro mzuri utakuwa na jozi ya rezista kwa kazi hiyo, usiziruke.

Kwa feiza ya JFET, volti ya katikati isitoke kwenye rezista mbili. Tumia dayodi ya zena ya 5.1V, inayoshikilia volti isibadilike, ili betri inapochoka JFET zisihame mahali ulipozitegea. Trima (volyumu ndogo ya kwenye bodi) ya kuzitegea iwe ya mizunguko mingi, maana sehemu inayofanya kazi ni nyembamba mno: izungushe polepole huku ukipiga kodi moja mpaka usikie sauti ikisafiri bila kukwama juu wala chini.

Hatua ya 6: Korasi

IC za BBD zina ndoa zake: kila moja huenda na IC yake ya saa, inayoamua kasi ya kuhamisha chaji. MN3207 huenda na MN3102. MN3007 huenda na MN3101, na umeme wake umegeuzwa. Usichanganye. Kwa volti 9 nachagua MN3207, au ndugu zake BL3207 na V3207, ambazo miguu yake ni ileile, na saa ziwe BL3102 au V3102. Zina hatua 1024 za kupokezana chaji, na ucheleweshaji ni 1024 ukigawa kwa mara mbili ya masafa ya saa. Korasi tamu iko karibu na milisekunde 10, kwa hiyo saa iwe karibu na 51 kHz. Flenja, ndugu ya korasi yenye ucheleweshaji mfupi zaidi, inataka milisekunde moja au pungufu, yaani saa inayozidi 500 kHz, nje ya 200 kHz ambayo MN3207 imepimiwa. Usiitarajie kwenye bodi hiyohiyo.

Kapasita ndogo inayoongoza saa, na zile za filta kabla na baada ya BBD, ziwe seramiki ya C0G (ambayo haibadiliki kufuata volti) au filamu. Filta hizo zikiwa legevu utasikia msasa mwembamba nyuma ya kila noti.

PT2399 ni rahisi kupata na bei yake ni ya kuokota, ndiyo maana watu huilazimisha iwe korasi. Ucheleweshaji wake mfupi kabisa ni karibu milisekunde 30. Hapo unasikia magitaa mawili yasiyopatana. Iache kwenye mwangwi.

BBD iingie kwenye soketi, daima. Ina trima moja ya kuiwekea volti ya mlangoni. Bila osiloskopu, izungushe mpaka sauti iliyocheleweshwa itokee, endelea mpaka ife, kisha rudi katikati ya kingo hizo mbili. Isipotokea kabisa, jaribu IC ya pili kabla ya kufungua lehemu hata moja.

Hatua ya 7: Umeme na mlio wa "tik"

Pedali ikishafanya kazi, pandisha sauti ya amplifaya, usipige gitaa, usikilize. Kama unasikia "tik, tik" kwa mwendo wa LFO, chanzo ni wimbi la mraba: kila linapogeuka, opampu na LED huvuta mkondo kwa ghafla, umeme unatikisika, na njia ya sauti inaupokea mtikisiko huo.

Fanya kwa mpangilio huu, ukisikiliza baada ya kila moja. Ilishe LFO kupitia rezista yake ya 100Ω ikifuatwa na elektrolitiki ya 100µF kwenda ardhini, mbali na umeme wa njia ya sauti. Waya wa ardhi wa LFO na wa LED uende wenyewe mpaka kwenye jeki ya umeme, usipande kwenye ardhi ya gitaa. Sogeza waya za volyumu ya kasi mbali na waya wa kuingilia gitaa. Ule wa kuingilia uwe wa koaksio, yaani wenye ngao. Kama uliweka TL072 kwenye LFO, ichomoe kwenye soketi uweke TL062, miguu ni ileile. Tik ikiwa bado ipo hata baada ya hayo, chomoa mguu mmoja wa LED na usikilize tena. Ikinyamaza, ongeza rezista ya LED kutoka 1k hadi 2.2k au 4.7k, uone kama kina cha tremolo bado kinakutosha.